Miaka miwili ya sogea tukae, halafu?

Nimetoka msibani na hasira. Msomaji wa wasifu alisoma vizuri tu, shule alizosoma marehemu, kazi alizofanya, hadi akafika pale pa "ameacha watoto watatu". Akakunja karatasi. Aliyewazaa hao watatu alikuwa amekaa mkekani karibu kabisa na spika, macho yamevimba, na hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Inaelekea marehemu alijifungua mwenyewe.

Mama mmoja pembeni yangu akaninong'oneza: "Asihofu, hata kama hawakufunga ndoa, wameishi pamoja zaidi ya miaka miwili. Kisheria ni mke." Hii imani imewaponza wengi.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hakigawi ndoa kama zawadi ya uvumilivu. Kinataka ithibitishwe kwamba mmeishi pamoja miaka miwili au zaidi, na kwamba watu wanaowazunguka wamewajua kama mume na mke. Hapo ndipo mahakama inachukulia kuwa mlioana, na hata hiyo dhana inaweza kupingwa ikaanguka. Kama jamaa ana ndoa ya kanisani kule kwao ambayo haijavunjwa, ndiyo kabisa. Na hapo, nakiri kwa shingo upande, sheria ina haki: yule mke wa kwanza naye ni mtu.

Lakini hebu tuulizane, nani anakuja kuthibitisha? Mkiwa wazima, shahidi ni mtaa mzima. Fundi anakuita mama fulani, mawifi wanakupigia "wifi, nitumie ya vocha", mjumbe anakuletea kadi ya mchango wa harusi imeandikwa Bwana na Bibi. Mwanaume akishazikwa, wale waliokuwa wanakuita wifi ndio wanaoitaka nyumba. Kikao cha ukoo kinakaa bila wewe, muhtasari unaandikwa, msimamizi wa mirathi anapendekezwa, karatasi zinapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Ukizinduka, kazi ya kupinga ni yako. Uanze kumsaka mwenye nyumba mliyopanga mwanzo, ukusanye kadi za kliniki, umbembeleze jirani aje aseme alichokuwa anakiona kila asubuhi, naye anakwambia hataki ugomvi na familia ya watu. Mtu anatafuta ushahidi wa maisha yake mwenyewe, tena kwa nauli ya kukopa!

Wasomi wa sheria watanitajia kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliposema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali. Naipenda sana hukumu ile. Ila Bi Hawa alikuwa mke wa ndoa. Huyu wa mkekani lazima kwanza ashinde kesi ya kuwa mke, ndipo apimiwe jasho lake.

Ni kweli kifungu kidogo cha pili cha hicho cha 160 kinamruhusu mwanamke aombe matunzo yake na ya watoto hata dhana ikipinduliwa, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine pia. Afadhali hicho kipo. Wenzetu Kenya, Januari 2023, Mahakama ya Juu yao ilisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra sana.

"Si wafunge ndoa tu?" Wangapi wamekwama kwenye mahari, wakati sheria hiyohiyo inasema kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa? Ndoa ya bomani ni tangazo la siku 21. Tatizo tumejifunza kwamba bila kamati, ukumbi na keki hujaoa, kwa hiyo tunasubiri hela ya sherehe mpaka mtoto wa tatu anaanza shule.

Ninachotaka si kikubwa. Ofisi ya serikali ya mtaa inayotuandikia barua kwa kila jambo iwe na daftari la watu wanaoishi pamoja, wote wawili wasaini wakiwa hai na akili zao, na ukoo unaotaka kukana ndio ubebe mzigo wa kupanda ngazi za mahakama. Kabla hilo halijaja, dada yangu, kiwanja mnachonunua mwezi ujao kiandikwe majina mawili. Akikwambia "kwani huniamini?", mjibu humwamini kaka yake.