Suruali Haikuvuliwa

Kwa kuwa shemeji yangu ameshawatangazia kwamba nilivua suruali mbele ya watu wazima, naomba mpate habari yenyewe. Suruali haikuvuliwa, ilifumuka, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nilialikwa kuwasimulia vijana wapenda filamu maisha ya Vilmos Zsigmond, mpigapicha wa Hungaria ambaye mwaka 1956, pamoja na mwenzake László Kovács, alirekodi vifaru vya Kisovieti vikizima mapinduzi mjini Budapest, kisha wakavuka mpaka na mikanda yao hadi Austria. Husimuliwa kwamba kamera waliificha katika mfuko wa sokoni uliotobolewa tundu la lenzi. Nami kwa kupenda sifa nikatoboa kikapu cha ukili cha mke wangu (najua unasoma, mama watoto, nitalipa), nikatia simu ndani na kuiunganisha na projekta, ili watu waone kile inachokiona kamera ya mafichoni.

Nilipomaliza maonyesho nilikiweka kikapu mezani nyuma yangu, nikaingia sehemu ya huzuni. Niliposema vifaru viliingia mjini, mtu mmoja aliguna. Niliposema waliiacha nchi yao, safu ya mbele nzima iliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Nikadhani wanalia, nikazidi kushusha sauti. Kisha nikainama kuonyesha mtu anavyonyatia mpakani, na ukumbi ukalipuka.

“Mnawacheka wakimbizi?” nikafoka.

Mama mmoja wa makamo akaniambia kwa upole, “Mwanangu, hebu tazama ukutani.”

Nikageuza shingo tu, mwili ukabaki ulivyo, na ndiyo maana niliona yote: mshono ulioachia kuanzia kiunoni, na bukta ya kijani yenye picha za ndizi, kila ndizi ikiwa kubwa kuliko mimi. Zsigmond alikuwa na ufundi wa kuumulika mkanda kidogo kabla haujasafishwa, ili rangi zipoe na picha ififie. Simu yangu haina huruma hiyo.

Nikafungwa kanga. Los Angeles, kazi za maabara, filamu za bei ya chini alizoandikwa kwa jina la William, Oscar ya mwaka 1978, kifo chake mwaka 2016: vyote vilipita kwa kasi ya mnada. Maswali yote yalihusu ndizi, isipokuwa la kijana aliyeuliza kama simu ile hukodishwa kwa harusi. Tumeshaelewana bei.