Pesa kwa simu sawa, lakini laini ni ya nani?

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema tangu Korona mashirika mengi ya msaada yamepunguza magunia ya chakula na kugeukia pesa kwa simu. Ni kweli. Mwaka 2020 WFP, Mpango wa Chakula Duniani, ilitumia familia za mitaa duni ya Nairobi shilingi 4,000 kwa mwezi, bila mtu kupanga foleni. Nami siwezi kulilia magunia: maharagwe yale yalikuwa yanamaliza makaa ya siku mbili na bado magumu.

Ila njooni mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu. Jirani yangu, nyanya wa wajukuu wanne, aliandikishwa na shirika fulani kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe. Pesa ikaingia, kijana akaitoa kwa wakala mtaani Kondele, nyanya akaonyeshwa meseji tu. Alipolalamika aliambiwa apige namba ya bure. Na simu yenyewe anayo nani?

Halafu hicho kiasi mara nyingi hakisogei bei ikipanda. Gunia angalau lilikuwa na kilo zake. Kwa noti ya elfu moja pale soko la Kibuye, gorogoro (makopo ya kupimia mahindi) anazopimiwa nyanya Januari sizo anazopata Juni, kabla mahindi mapya hayajatoka. Hilo makala imeliruka kabisa.