Namba ya mtumbwi inayong'ang'ania faili zima

Programu ya kurekodi samaki wanaoshushwa mwaloni, tuseme pale Kirumba, ikianza kula kumbukumbu hadi seva inazimika, lawama zote anatupiwa mzoa taka wa lugha ya programu (garbage collector), yaani sehemu inayoachilia kumbukumbu isiyotumika tena. Kwa maoni yangu anaonewa. Yeye huondoa kile tu ambacho hakuna anayekishika. Kamba moja ikibaki imefungwa, hata iwe nyembamba vipi, mtumbwi mzima haung'oki.

Chukua lugha ya Go. Stringi humo, yaani mfuatano wa herufi, ni anwani na urefu, baiti 16 kwenye mashine za biti 64. Ukikata kipande, herufi hazinakiliwi: kipande kinaelekeza ndani ya stringi ileile ya mwanzo. Sasa soma kwa mkupuo faili la mizani ya siku nzima, megabaiti 40, uligeuze stringi, ukate namba ya mtumbwi yenye baiti 8 na kuiweka kwenye orodha ya kudumu. Megabaiti 40 zimekwama. Rudia kwa siku 30 bila kuwasha upya: megabaiti 1,200 zimeshikwa kwa ajili ya baiti 240.

Dawa ni strings.Clone, amri ya kunakili stringi iliyoingia Go 1.18 mwaka 2022. Nakili kipande kabla ya kukihifadhi, lakini kile kinachokaa tu. Cha kupita kiache. Kusoma mstari kwa mstari kwa bufio.Scanner, kisomaji cha Go, nako kunafaa, maana Text() yake hutoa nakala, hivyo kinachoshikwa ni mstari mmoja.

Lugha ya Java ilikuwa na mtego huohuo hadi Java 7 sasisho la 6, mwaka 2012, substring, amri yake ya kukata kipande, ilipoanza kunakili. Ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa kukata kipande kirefu kukawa ghali zaidi. Kinachoumiza huko sasa ni kuunganisha ripoti kwa alama ya + ndani ya kitanzi: mistari 10,000 ya baiti 60 huzaa ripoti ya kilobaiti 600, huku karibu gigabaiti 3 zikinakiliwa njiani. Tumia StringBuilder, chombo cha Java cha kuunganisha stringi, na uitajie ukubwa mapema.

Anayetafuta uvujaji wa kumbukumbu wa Go kwa pprof, zana yake ya kupima matumizi ya kumbukumbu, ajue kwamba itamwonyesha mstari wa programu uliogeuza faili kuwa stringi, kwa kuwa ndipo kumbukumbu ilipoombwa. Anayeishikilia yuko kwingine. Pekua ramani (map) na orodha zinazoishi muda mrefu, na kwa kila stringi iliyomo uliza ilikatwa kutoka wapi.