Gari la Mirihi haliendeshwi kwa rimoti

Kila picha mpya ya Mirihi ikizunguka kwenye simu zetu hapa Mombasa, haikosi wa kusema: kuna mtu ameketi Marekani, ameshika rimoti. Usemi huu unaniudhi, maana unafuta kazi iliyo ngumu kupita zote katika kutafuta uhai kule.

Tupige hesabu. Mirihi ikiwa mbali nasi kabisa, mawimbi ya redio huchukua takriban dakika 22. Perseverance, gari la utafiti la Marekani lililotua kwenye kreta (shimo kubwa) ya Jezero Februari 2021, hutambaa kama sentimita 4 kwa sekunde. Kamera ikiona jabali, picha ije dakika 22, amri ya kusimama iende dakika 22 nyingine. Gari limeshasogea zaidi ya mita 100. Nahodha gani wa feri ya Likoni angekubali kuoneshwa gati kwa kuchelewa hivyo?

Basi gari huamua lenyewe. Kamera mbili hupiga picha sambamba, kompyuta inazilinganisha, inapata umbali wa kila jiwe na kuchagua njia. Curiosity, gari lililotangulia, lililotua 2012, ilikuwa ikisimama kwanza ndipo ifikiri. Perseverance hufikiri huku magurudumu yanazunguka. Hata mawe ya kupigwa leza ili kujua yameundwa na nini, Curiosity imekuwa ikijichagulia mengine tangu 2016.

Lakini kamera huona jiwe, haioni ulaini wa ardhi. Mwaka 2009 Spirit, gari la zamani zaidi kule Mirihi, ilikanyaga gamba jembamba, likavunjika, chini mchanga mlaini. Na gurudumu la mbele la kulia lilikuwa limekufa tangu 2006. Haikutoka tena. Aliyewahi kuzamisha gari kwenye mchanga wa ufuoni anajua: ukizidi kukanyaga mafuta, unazidi kuchimba. Dawa ni kulinganisha mizunguko ya gurudumu na jinsi mawe yanavyosogea pichani. Gurudumu linazunguka, mawe yako palepale? Simama hapo hapo.

Hukumu ya uhai, hiyo nakubali kwa shingo upande, tusiiachie mashine. Jiwe la Cheyava Falls, lililotobolewa na Perseverance Julai 2024, lina madoa kama ya chui, yenye chuma na fosfati. Duniani vijidudu huweza kuacha alama za namna hiyo. Kemia tupu isiyo na uhai nayo haijaondolewa lawamani. Kipande chake, unene wa chaki ya ubaoni, kimefungwa ndani ya mrija wa titani, na gari linatembea nacho. Mpaka leo hakuna chombo kilichorushwa kwenda kukichukua.