Seli ya Klorini Ihesabiwe kwa Saa, si kwa Miaka

Mashine inayotengeneza klorini ya bwawa kutokana na chumvi huuzwa huku pwani kwa ahadi ya miaka: mitatu, mitano, hata saba. Naamini kipimo hicho hakitufai, na ningependa kila mwenye bwawa la kuogelea huku Diani, Malindi au Unguja aanze kwa kumwuliza muuzaji kama seli, yaani sehemu ya mashine inayotengeneza klorini, imekadiriwa kufanya kazi saa ngapi.

Ndani ya seli kuna mabamba ya titani yaliyopakwa utando mwembamba wa oksidi za rutheni na iridi. Maji yenye chumvi ya gramu tatu hadi nne kwa lita, takriban sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari, hupita kati ya mabamba hayo, na umeme huigeuza sehemu ya chumvi hiyo kuwa klorini. Utando huo huliwa kidogo kidogo kila saa ya kazi, na ukiisha hakuna fundi wa kuurudisha. Hununuliwa seli mpya. Seli nyingi za majumbani hukadiriwa kudumu saa 10,000 hivi. Kule kwenye baridi, ambako bwawa hutumika miezi 5 tu, saa 8 kwa siku ni kama saa 1,200 kwa mwaka, na seli yaweza kufika mwaka wa nane. Kwetu bwawa halifungwi. Saa hizo 8 huwa 2,920 kwa mwaka, na seli ileile humalizika katika mwaka wa nne bila mtu yeyote kukosea.

Mimi nilikosea, tena kwa gharama kubwa. Bwawa la nyumba yangu ya wageni lina lita 60,000, na kwa jua la hapa hutaka gramu 180 hadi 240 za klorini kila siku. Niliuziwa mashine ya kutoa gramu 15 za klorini kwa saa kwa sababu ilikuwa nafuu, na karatasi yake ilisema inatosha bwawa la ukubwa huo. Ili maji yasigeuke kijani, mtunza bwawa alilazimika kuiwasha saa 14 kwa siku, na kabla mwaka wa pili haujakwisha mabamba yalikuwa yamekufa. Nilipodai waranti nilionyeshwa kifungu kilichoweka kikomo cha saa, ambacho sikuwa nimekisoma.

Ndiyo maana nashauri kununua seli yenye uwezo wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya mahitaji ya bwawa, hata kama bei inauma, kwa kuwa seli kubwa hufanya kazi kwa saa chache. Asidi ya sianuriki, dawa inayotiwa majini kuikinga klorini na jua, nayo isisahaulike, maana bila kinga hiyo jua huila klorini kabla ya adhuhuri.

Adui mwingine ni maji yetu ya visima, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba chokaa nyingi. Chokaa hiyo hujenga ukoko juu ya mabamba, hasa pH ya bwawa (kipimo cha asidi au alkali ya maji) inapopanda, na mashine hizi huipandisha zenyewe. Mashine nzuri hugeuza mwelekeo wa umeme kila baada ya saa kadhaa ili ukoko ubanduke. Lakini kila mgeuzo huuchosha utando, kwa hiyo tafuta ile inayokuruhusu kupanga muda huo. Kuiosha seli kwa asidi kila wiki, kama wafanyavyo mafundi wengi, ni kuufupisha uhai wake kwa mikono yetu wenyewe. Ni bora kuidhibiti pH.

Kisanduku cha umeme kikae kivulini, mbali na madumu ya asidi ambayo mvuke wake hula nyaya, na kiwe na kinga dhidi ya umeme unaoyumba.

Sasa natumia seli ya gramu 30 kwa saa, na huwaka saa 7 kwa siku. Ina kihesabu cha saa, nami nisingenunua isiyo nacho. Jumapili iliyopita kilisoma 4,870, na fedha za seli ijayo nimeanza kuziweka.