Joto lisiloonekana: sifa ni ya chombo au ya fikra?

Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanaastronomia William Herschel aliuchambua mwanga wa jua katika rangi zake kwa prizima ya kioo, kisha akaweka themomita zilizopakwa weusi kwenye rangi moja baada ya nyingine. Joto lilipanda zaidi nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Wanaoamini kwamba sayansi huongozwa na fikra huupenda mfano huu, na wana hoja: themomita ilikuwa chombo cha kawaida. Kilichokuwa kipya ni uamuzi wa kupima penye giza.

John Leslie wa Scotland anawapa nguvu zaidi. Kipimajoto chake kilikuwa na matungi mawili ya kioo yaliyounganishwa kwa mrija wenye majimaji ya rangi. Joto la chumba liliyagusa matungi yote sawasawa, hivyo majimaji yalisogea pale tu moja lilipopata joto kuliko jenzake. Kwa chombo hicho alionyesha, katika kitabu cha 1804, kwamba uso mweusi hutoa joto jingi kuliko metali iliyong'arishwa. Hata hivyo alimkatalia Herschel kwamba kuna miale isiyoonekana, akishikilia kwamba joto hilo hubebwa na hewa. Chombo kizuri, hitimisho potofu.

Mimi lakini naegemea upande wa chombo, kwa sababu ya yaliyofuata Italia. Mwanafizikia Mjerumani Seebeck alikuwa ameonyesha mwaka 1821 kwamba metali mbili zilizounganishwa huzalisha umeme maungio yao yakitofautiana joto. Mwitalia Nobili akapanga vipande vya metali za bismuthi na antimoni, akapata themopaili, chombo kinachopima joto kwa umeme huo. Mwitalia mwenzake, Melloni, aliiboresha, akakuta kwamba kioo, kinachopitisha mwanga vizuri, huzuia sehemu kubwa ya joto litokalo kwenye vitu visivyong'aa; chumvi ya mawe hulipitisha karibu lote. Nani angelikisia hilo kwa kuwaza tu? Mwaka 1835 Melloni bado aliona joto na mwanga kuwa vitu viwili tofauti. Kufikia 1842 vipimo vyake vilikuwa vimemgeuza.

Mwaka 1859, mwanafizikia John Tyndall aliitumia themopaili jijini London kupima gesi. Mvuke wa maji na kabonidayoksaidi zilinyonya joto hilo lisiloonekana; oksijeni na nitrojeni zililiacha lipite karibu lote. Mwanahisabati Mfaransa Fourier alikuwa ameshaandika miaka ya 1820 kwamba hewa hulizuia joto la dunia lisitoroke. Wazo lilikuwepo kwa zaidi ya miaka 30; hakukuwa na kipimo cha kuonyesha ni gesi ipi inayofanya kazi hiyo.