Kufunguka mbele ya nani? Kadi za maswali kwenye mikusanyiko ya Desemba

Kila Desemba nyumba za Uchagani, mkoani Kilimanjaro, kuanzia Machame, Kibosho na Marangu hadi Rombo, hupokea watoto wa ukoo mmoja ambao hawajuani. Aliyekulia Mwanza anakaa meza moja na aliyekulia Arusha. Wanajua majina ya wazazi wao, basi. Nyama ikishaliwa, kila mtu na simu yake. Hapo ndipo mmoja wa vijana anapotoa kadi za maswali: unachukua kadi, unasoma, unajibu, zamu inapita. Wapo wanaozipokea kwa mikono miwili, na wapo wanaosema ni uzungu unaofungulia umbea mlango. Hoja za pande zote mbili zina uzito.

Wanaozitetea wana ushahidi. Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Aron na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wasiofahamiana walikaa wawili wawili wakapewa maswali 36, mafungu matatu ya maswali 12, dakika 15 kila fungu, kila fungu zito kuliko lililotangulia. Baada ya dakika 45 walijisikia karibu zaidi kuliko jozi zilizopewa maswali ya juujuu. Uzito wa maswali haukufanya kazi peke yake. Wote wawili walijibu, kwa zamu, wakapanda ngazi pamoja, hivyo aliyetoa la moyoni hakubaki amevuliwa nguo huku mwenzake amevaa koti. Tena watafiti hao hawakudai kwamba zoezi hilo linaleta uaminifu au kujitoa kwa mwenzako. Walipima ukaribu wa wakati ule tu, na jambo hili wauzaji wa kadi hawalisemi.

Kosa kubwa la mikusanyiko yetu ni duara. Chukua watu 16, kila mmoja ajibu kwa dakika mbili: swali moja linakula dakika 32, na katika hizo kila mtu amesema kwa dakika mbili na kunyamaza kwa 30. Isitoshe, anayejibu anasikilizwa na watu 15, wakiwemo shangazi na wadogo zake, kwa hiyo anatoa jibu la jukwaani. Wagawe haohao wawili wawili, na kwa dakika 32 kila jozi inamaliza maswali manane, kila mtu amesema kwa dakika 16, mbele ya sikio moja. Mchezo ni uleule na kadi ni zilezile, lakini matokeo hayafanani hata kidogo.

Sasa upande wa pili, ambao mimi nauona una nguvu kuliko unavyopewa. Maswali mengi yametafsiriwa yalivyo. Katika yale 36 limo linalouliza kifo cha nani katika familia yako kingekuumiza zaidi, na lingine linauliza kama una hisia ya siri kuhusu utakavyokufa. Yasome hayo kwa sauti mbele ya bibi mwenye miaka 80 uone. Ni uchuro, na kuanzia hapo hakuna atakayefunguka, hata kwa kadi nyepesi.

Hatari ya pili ni kwamba ndugu hawaachani. Kwenye semina mtu akisema jambo lake, kesho kila mmoja anashika njia yake. Ndani ya ukoo neno hukaa. Swali kama "unamwonea nani wivu katika familia?" linaweza kuwa la kuchekesha mjini, lakini kama kuna mgogoro wa kihamba, yaani shamba la ukoo, jibu hilo litasomwa kwenye kikao cha ukoo mwezi wa nne kama ushahidi. Aliyelitoa hatasahau, na mwaka unaofuata hatakuja.

Wapinzani huongeza kwamba tunao utani na vitendawili, kadi za nini? Nusu wana haki. Mchaga na Mpare wakikutana hawahitaji kadi kuanza mazungumzo. Wataanza kwa ubahili na ubishi, na kanuni inajulikana, mtani hakasiriki. Lakini utani hufungua mdomo bila kugusa moyo. Mtani wako anaweza kukutania hadi msibani asijue kwamba umefukuzwa kazi. Kwa hiyo ningeanza na utani na vitendawili dakika kumi, kisha ndiyo kadi.

Kadi zenyewe andikeni wenyewe. Manila ya ukubwa wa A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa hutoa kadi nane. Karatasi mbili zinatosha. Sita ziwe nyepesi, sita za kati, nne nzito, na zisichanganywe. Mtu mmoja awasomee wote, halafu kila jozi ijibu kivyake, dakika mbili kila mtu. Kadi 16 zinachukua saa moja na dakika chache. Jozi isibadilishwe katikati, maana mwenza mpya anakurudisha chini ya ngazi. Watu wakiwa witiri, msomaji awe mwenza wa aliyebaki peke yake.

Anayejibu aulizwe swali moja la kufuatia kabla ya zamu kugeuka: "Ikawaje?" au "Nani alikusaidia?" Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wanaouliza maswali ya kufuatia hupendwa zaidi na wanaozungumza nao. Wengi hukimbilia kadi inayofuata na kuuacha utamu palepale. Mtu akilia, acheni saa, msisome kadi nyingine, na msimpe ushauri.

Kila mtu awe na haki ya kusema "ruka" bila sababu wala idadi. Mkiweka "ruka mbili tu", aliyezimaliza atalazimika kudanganya. Na msomaji aruke moja mwenyewe mapema, la sivyo hakuna atakayethubutu.

Kijana aliyetoka kumwambia mzee "shikamoo" hawezi kubadilishana naye siri, na asilazimishwe. Jozi hiyo ipewe maswali ya safari: "Ulipofika mjini mara ya kwanza ulilala kwa nani?" "Ada ya shule ilitoka wapi, kahawa au ng'ombe?" Mzee atasema mengi, kijana atapata la kumuuliza tena, na heshima itabaki mahali pake. Mkwe mpya akae na shemeji wa rika lake, asikae na baba mkwe.

Na kama kuna kesi ya ardhi inayoendelea nyumbani, zile kadi nne nzito zibaki kwenye bahasha mwaka huo, na swali lolote linalogusa urithi lisiandikwe kabisa.